Mwanamvua na Kurasa za Matokeo

Mwanamvua alipoambiwa achague jina la bandia, hakufikiri hata kidogo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya chumba chake huko Sofu, Kibaha, anapara vibua vya kukaanga jioni, magamba yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Mbele yake alikaa Naila, binti wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye hijabu ya rangi ya maziwa na adabu nyingi kupita kawaida. Naila alikuwa anafanya utafiti juu ya wanawake wa Kisarawe walioachwa na waume zao, mashamba ya mikorosho yakabaki kwa waume. Watu walimwelekeza kwa Mwanamvua wa Maneromango, anayeuza samaki Sofu. Wakamwonya pia: huyo ukimgusia tu habari ya mumewe, jiandae kulala huko huko.

Hawakumdanganya. Mwanamvua aliongea mpaka simu ya kurekodia ikaishiwa chaji, ikachomekwa kwa jirani, naye akaendelea kuongea wakati inachajiwa. Alieleza jinsi yeye na mumewe Hemedi walivyopewa pori kule Maneromango, wakati hakuna kitu ila nguruwe na miba. Alieleza alivyolifyeka akiwa na mimba ya bintiye Fadhila, alivyopanda korosho shimo kwa shimo, alivyoifukizia mikorosho midogo moshi ili wadudu wasiimalize. Mikorosho ilipoanza kuzaa, Hemedi akanunua baiskeli. Ikazaa tena, akanunua pikipiki. Ikazaa zaidi, akamwoa Zubeda. Mwishowe Mwanamvua akaandikiwa talaka na kupewa kitoka nyumba chake: doti mbili za khanga na gunia la mchele wenye mawe. Shamba likabaki kwa Hemedi.

"Pole sana mama," Naila alisema, na alionekana kumaanisha. "Sasa, kwenye makala hatutaweka majina ya kweli. Ni kwa usalama wenu. Chagua jina lolote unalolipenda, ndilo nitakalokuita."

Mwanamvua hakuwa na jina analolipenda. Alikuwa na jina lililomganda. Tangu aachwe, jina hilo ndilo lililokuwa likimjia mdomoni akifumbua macho asubuhi, hata kabla ya bismillahi, Mungu amsamehe.

"Andika Zubeda," akasema.

Baadaye alijaribu sana kujieleza mwenyewe kwa nini alisema vile, na kila sababu aliyoitafuta ilimcheka. Kama kilikuwa kisasi, basi kilikuwa kisasi cha mtu anayemkomoa adui yake kwa kumvisha nguo yake nzuri kuliko zote. Lakini siku ile aliona kafanya la maana kabisa. Naila akaandika, akashukuru, akaondoka na vibua vya bure vilivyofungwa kwenye gazeti.

Ukapita mwaka na zaidi. Katikati ya huo mwaka Mwanamvua alichoka kunung'unika peke yake, akapeleka malalamiko baraza la kata kule Maneromango. Alikuwa anataka nusu ya shamba, basi. Nyumba Hemedi abaki nayo, pikipiki abaki nayo, huyo Zubeda abaki naye mpaka wazikane. Yeye apewe nusu ya mikorosho aliyoipanda. Baraza lilikubali kuwakutanisha, tarehe ikapangwa. Shida ilikuwa ushahidi. Hati hakuwa nayo. Wazee waliomwona akifyeka walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki hai walikuwa ndugu wa Hemedi, ambao kumbukumbu zao zilikuwa zimeharibika ghafla.

Ndipo Naila akapiga simu kusema makala imetoka, imechapishwa kwa Kiswahili kwenye jarida la chuo, na kwamba anaituma.

Mwanamvua akajua Mungu hamtupi mja wake. Kila siku redio ya jirani ilikuwa inasema utafiti umeonyesha hiki, utafiti umethibitisha kile. Utafiti ulipothibitisha kwamba mafuta mengi yanaua moyo, wateja wake wawili waliacha kabisa kula vibua. Kama utafiti una nguvu ya kumnyang'anya mtu kibua mdomoni, utashindwaje kumnyang'anya Hemedi nusu shamba? Aliwaza hivyo usiku kucha, na kwa jinsi alivyowaza, akajiona ana akili kuliko wote pale uani.

Yeye mwenyewe kusoma hakujua. Alipelekwa madrasa mpaka alipojua kuzisoma sura za kuswalia, na shule akaiona kwa nje tu, akipita na kuni kichwani. Kwa hiyo makala ilitumwa kwa simu ya Margareth, mpangaji mwenzake, nesi wa hospitali ya Tumbi. Margareth alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wa Mwanamvua, Mzaramo, na kwa utani huo walikuwa wakitukanana kwa raha tangu siku ya kwanza walipogombea kamba ya kuanikia. Isitoshe, Margareth alikuwa anajiendeleza chuo siku za mwisho wa juma, naye alikuwa na utafiti wake wa kuandika, ambao ulikuwa umemkondesha.

Jumapili moja mchana Margareth akaja na karatasi alizozichapisha steshenari, wakaketi kwenye mkeka.

"Nafasi ya Mwanamke katika Umiliki wa Mashamba ya Mikorosho baada ya Talaka," Margareth akasoma. "Uchunguzi Kifani wa Kata Teule za Wilaya ya Kisarawe."

"Hilo ni jina?"

"Ndiyo jina."

"Jina refu kama msafara wa bwana harusi. Soma mtani, twende."

"Inaanza ikisiri. Hapa anasema kila kitu kwa ufupi: alitafuta nini, alitafutaje, akapata nini."

"Na shamba nimepewa?"

"Mama Fadhila, kwenye ikisiri hakuna anayepewa shamba."

"Haya, songa mbele."

Ukaja utangulizi, na utangulizi ukaanza kwa kueleza kwamba Kisarawe ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na kwamba korosho ni zao la biashara. Mwanamvua alikunja uso. Yeye alizaliwa huko na kucha zake zilibabuliwa na mafuta ya maganda ya korosho, leo anaambiwa kuna wilaya inaitwa Kisarawe. Akavumilia, maana alilinganisha na posa. Mshenga naye haingii tu na kusema nimekuja kuoa. Anauliza hali, anauliza mvua, anauliza mbuzi wa mwenye nyumba, watu wote wanajua kafuata nini na wote wanajifanya hawajui.

"Hapa ndipo anaeleza tatizo," Margareth alisema. "Kwa nini jambo hili linafaa kuchunguzwa."

"Tatizo ni Hemedi. Kaandika?"

"Hajaandika Hemedi. Kaandika mfumo dume."

"Mfumo dume!" Mwanamvua akalionja neno. "Hata jina lake kalibadilisha kuwa zuri."

Mapitio ya maandiko ndiyo yaliyomtia hasira. Yalikuwa majina matupu. Fulani na wenzake walisema hivi mwaka fulani, fulani mwingine akapinga, wa tatu akasema wote wawili hawakutazama upande wa Pwani.

"Hawa wote ni nani? Shambani kwangu walikuja lini? Sikumwona hata mmoja na jembe."

"Ni watafiti waliomtangulia. Lazima aonyeshe wengine walisema nini, ndipo ajulikane yeye anaongeza nini."

"Fulani kasema, fulani kajibu. Mimi nikifanya hivyo kisimani naitwa mmbea. Wao wanapewa kofia na joho."

Margareth alicheka mpaka akafuta machozi, akafunua ukurasa. "Sasa mbinu za utafiti. Utafiti huu ulitumia mkabala wa kimaelezo. Sampuli iliteuliwa kwa njia ya..."

"Ruka."

"Mama Fadhila, hii hairukwi. Hapa anasema aliongea na nani, wapi, kwa njia gani, aliwalindaje. Mimi msimamizi wangu kila siku ananirudishia hapa hapa."

"Mtani, mimi nimekuja kula, wewe unanieleza kuni zilikatwa msitu gani. Ruka, nataka kusikia nilichosema mimi."

Margareth akaruka. Alikuwa amechoka, alikuwa ametoka zamu, na mtu akikulazimisha kuruka sehemu inayokusumbua wewe mwenyewe, hubishani naye sana.

Wakafika kwenye matokeo. Hapo Mwanamvua aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, yamenyooshwa kidogo, yamefungwa kwa alama zake, lakini ni yale yale. Nguruwe wamo. Miba imo. Moshi umo. Baiskeli, pikipiki na mwanamke vimo, kwa mpangilio ule ule. Maneno aliyokuwa akiyasema miaka yote watu wakiangalia pembeni, sasa yamekaa kwenye karatasi ya chuo kikuu, na juu yake kuna namba ya ukurasa.

"Lakini huyu anaitwa Zubeda," Margareth akasema.

"Ndiye mimi."

"Zubeda si yule..."

"Ndiye huyo huyo. Nilijipa."

Margareth aliiweka karatasi chini. "Wewe Mzaramo wewe. Kati ya majina yote ya wanawake wa dunia hii?"

"Sasa ningejipa la nani, la mamako? Endelea."

Baada ya matokeo ulikuja mjadala, ambapo Naila alirudi tena kwa wale fulani na wenzake kuwaambia wapi walipatia na wapi walikosea. Kisha hitimisho. Na kabla ya orodha ya vitabu, palikuwa na kipande kifupi cha mapungufu ya utafiti. Margareth akasoma kwamba washiriki walikuwa wachache, kwamba waume hawakuhojiwa, na kwamba utafiti haukukusudia kuthibitisha nani ni mmiliki halali wa shamba lolote.

Mwanamvua akaruka kama aliyemwagiwa mafuta ya moto. "Kasema nini? Haukukusudia? Mpishi gani anasimama mlangoni anawaambia wageni chumvi haikutosha?"

"Ni uaminifu. Utafiti usiosema mapungufu yake hauaminiki."

"Basi huo uaminifu Hemedi hatausikia. Nakwenda na matokeo peke yake."

"Mama Fadhila, nakuomba. Peleka yote. Ukikata vipande..."

"Mama Tito, wa kwako mwenyewe umekushinda, ndiyo unanifundisha wangu?"

Margareth, mama wa mtoto mmoja aitwaye Tito na utafiti mmoja uliokataa kuzaliwa, akazikusanya karatasi, akamkabidhi. Lilikuwa neno la kuumiza na Mwanamvua alilijua, lakini alikuwa na haraka ya ushindi. Kesho yake akaenda steshenari na ule ukurasa wa Matokeo, ambao aliukunja pembe Margareth alipofika hapo, na kurasa zilizoufuata kabla ya mjadala kuanza, akatoa kopi, akazitia kwenye mfuko wa plastiki. Nyingine akazilaza chini ya godoro. Huko nyumbani akajisemea kwamba kweli kusoma si lazima, mradi mtu ujue kuchagua.

Siku ya baraza alifika Maneromango na tope hadi magotini, maana mvua za masika zilikuwa zimeikata barabara na bodaboda alimshusha kabla ya daraja akisema pikipiki yake si ngalawa. Alijifunga khanga mpya. Mfuko wa plastiki aliuficha kifuani kama mtu aliyebeba hirizi.

Hemedi alikuwepo, kanzu imepigwa pasi, na pembeni yake Zubeda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mweupe wa kujipaka, kitenge kipya, anatafuna ubani. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Kibwana, alikuwa mtu wa Mlandizi aliyeoa hapo, mpole na mzito wa kusema. Alifungua kwa dua, kisha akasema wazi kwamba yeye amehamia Maneromango shamba lile limekwisha kuwa shamba, kwa hiyo hajui nani kapanda nini, na baraza halitoi hukumu, linapatanisha tu.

"Hemedi, unasemaje?"

"Shikamoo wazee. Mimi sina mengi. Shamba nimelilima mwenyewe kwa nguvu zangu na vibarua. Huyu mama Fadhila alikuwa mke, alikuwa anapika. Kwani kupika ni kulima?"

"Bi Mwanamvua?"

Mwanamvua akasimama, akatoa mfuko, akatoa karatasi, akazinyoosha mbele ya watu wote. Alikuwa ameiota siku hiyo. "Mimi sitaki kusema kwa mdomo wangu, mtasema mwanamke aliyeachwa ana chuki. Nimeleta utafiti wa chuo kikuu. Naomba usomwe."

Minong'ono ikapita. Katibu wa baraza, kijana mmoja aitwaye Seifu, akapokea zile karatasi kwa mikono miwili, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Matokeo ya utafiti. Zubeda, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alieleza hivi: Nililifyeka pori lile nikiwa na mimba. Mikorosho yote niliipanda kwa mikono yangu miwili, mume wangu akiwa hayupo..."

Akasita. Akainua macho. Watu wote walikuwa wanamtazama Zubeda. Zubeda aliacha kutafuna.

"Nani ana miaka arobaini na sita?" akauliza.

"Imeandikwa hivyo," Seifu akajitetea.

"Mimi! Mimi arobaini na sita! Nani kanipakazia? Mwenyekiti, nimekuja hapa kusikiliza kesi, sikuja kuzeeshwa!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Kibwana aligonga meza, lakini naye mdomo ulikuwa unamtetema. "Bi Mwanamvua, ushahidi huu umemletea nani?"

"Huyo ni mimi," Mwanamvua akasema. "Jina lilibadilishwa. Walibadilisha wote, kwa usalama."

"Wapi pameandikwa kwamba majina yamebadilishwa?"

Seifu akapekua mbele na nyuma. "Hapa hapana, mwenyekiti. Hizi karatasi zinaanzia katikati. Kuna namba ya nne, Matokeo. Namba moja mpaka tatu hazipo."

"Ziko wapi?"

"Nyumbani," Mwanamvua akajibu. "Chini ya godoro."

"Kwa nini hukuja nazo?"

Angeweza kusema zilisahaulika. Angeweza kusema zililowa na mvua. Lakini alikuwa amechoka, na ukweli ukamtoka kama kikohozi. "Hazikuwa na utamu."

Kicheko cha safari hii kilizidi cha kwanza.

"Na hilo jina la Zubeda," Mzee Kibwana akaendelea taratibu, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu gizani, "nani alilichagua? Huyo mtafiti?"

"Nililichagua mimi."

"La mke mwenzio."

"Ndiyo, mzee."

Mzee Kibwana alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mwanamvua akabaki amesimama katikati ya watu waliomjua tangu utoto, khanga mpya mwilini, tope magotini, ameleta kwa mikono yake mwenyewe ushahidi unaosema kwamba shamba lake lilipandwa na mwanamke aliyelichukua. Hemedi alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. Mwanamvua alijiona mpumbavu mzima, aliyejipika na kujitia chumvi. Angekuwa na sufuria pale angejifunika nalo.

Kumbe Zubeda alikuwa bado anafikiri. Alisimama polepole, akarekebisha kitenge.

"Mwenyekiti, na mimi naomba niseme. Nimesikia vizuri. Chuo kikuu kimechunguza, kikaona shamba kalipanda Zubeda. Sasa mimi ni nani nibishane na wasomi? Umri nitawasamehe. Shamba naomba nipewe."

Wapo waliocheka wakidhani ni mzaha. Hemedi hakucheka. Watu wa jirani walijua kwamba tangu mfungo uliopita Zubeda alikuwa anamwomba Hemedi aandikishe hata kipande kidogo kwa jina lake, na kila akiomba nyumba inawaka moto. Hemedi aligeuka, shingo imemvimba.

"Wewe! Wewe umepanda nini? Tangu nikuoe jembe umelishika lini? Mkorosho na mwembe unaitofautisha?"

"Karatasi inasema nimepanda."

"Karatasi inakujua wewe? Pori lile kalifyeka huyu hapa!" Akamnyooshea Mwanamvua kidole. "Huyu hapa, na tumbo lake huyu, mimi niko Kariakoo nabeba mizigo! Narudi nakuta mashimo yamekwisha chimbwa! Wewe ulikuwa bado unanyolewa chogo kwenu huko, leo usimame useme lako?"

Nje jogoo mmoja aliwika, na sauti yake ikasikika mpaka mwisho.

"Seifu," Mzee Kibwana akasema kwa upole, "umeandika?"

"Naandika, mwenyekiti."

"Mimi sikusema..." Hemedi akaanza.

"Umesema, bwana. Tena umesema vizuri. Hata aliyekuwa anasinzia kule nyuma kasikia."

Kilichofuata kilikuwa cha kuchosha tu, cha kubembeleza na kunung'unika, Hemedi akipunguza na Mwanamvua akikataa. Mchana ulipogeuka walikuwa wamekubaliana, wakaweka dole gumba: mikorosho ya ng'ambo ya njia, ile ya kwanza kupandwa, ni ya Mwanamvua. Iliyobaki ni ya Hemedi. Mwanamvua alitoka hapo ameshinda, na hakujua aweke wapi uso, maana kila aliyempongeza alimwita Zubeda.

Aliporudi Sofu alimkuta Margareth anafua. Akamsimulia yote, bila kuficha, hata la chini ya godoro. Kwanza alianza kwa kumwomba radhi kwa lile neno la siku ile, kwa namna yake, yaani alimkamulia nguo nzito bila kuombwa. Margareth akaenda akazichomoa zile karatasi, akamsomea ile sehemu aliyoiruka. Palikuwa na sentensi moja tu, tena fupi: majina yote yaliyotumiwa katika makala hii si ya kweli, washiriki waliyachagua wenyewe.

"Hiyo tu?" Mwanamvua akauliza.

"Hiyo tu."

"Mstari mmoja ndio ulionivua nguo mbele ya ukoo mzima?"

"Nilikwambia hairukwi."

"Ungenipiga kofi."

"Nesi hapigi wagonjwa."

Basi Mwanamvua akaomba asomewe yote upya, kutoka jina mpaka vitabu, pamoja na fulani na wenzake. Safari hii hakukatiza sana. Walipofika kwenye mapungufu, pale paliposema waume hawakuhojiwa, akatikisa kichwa. "Na kweli hapo binti kaona mbali. Angemhoji Hemedi akamchokoza kidogo, mimi nisingekwenda kudhalilika. Na wewe kwenye utafiti wako usisahau kuandika ulipokosea. Mimi nakujua, utakuwa na kurasa nyingi." Margareth akamrushia povu la sabuni.

Msimu wa korosho ulipofika, Mwanamvua alifunga biashara ya vibua kwa muda, akaenda Maneromango kuokota. Hapo ndipo alipouona ushindi wake kwa macho. Mikorosho ya kwanza kupandwa ndiyo iliyozeeka kwanza. Mingine ilikuwa na matawi makavu, mingine ilishambuliwa na ukungu mweupe kwa sababu Hemedi hakuwahi kuipulizia dawa ng'ambo ile. Alizunguka chini yake akiinama na kuinuka, mgongo ukilalamika, mabibo yaliyooza yakimteleza chini ya ndala, akajicheka. Kapigana miaka yote hiyo apewe miti inayofanana naye: shina limepinda, kichwa kina mvi, na bado inataka kuzaa. Lakini ilikuwa yake. Aliokota kila korosho kama anayeokota meno yake mwenyewe.

Siku ya pili alimwona Zubeda amesimama kwenye njia, upande wa pili, peke yake. Hakuwa na ubani wala kitenge kipya.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Mkubwa wa nani? Mimi nilikwisha ondoka kwenye ukubwa huo."

Zubeda alisimama tu, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Mwanamvua alikuwa ameweka akiba ya matusi kwa ajili ya siku kama hii, mengine ameyanoa kwa miaka mitatu. Akayatafuta. Yalikuja, yakasimama mdomoni, yakaonekana ya mtu mwingine.

"Umefuata nini?"

"Nimemwambia aniandikishe japo miti michache. Kasema nikitaja tena neno hilo nirudi kwetu. Wewe ulikaa miaka mingi, ukatoka na khanga. Mimi nifanyeje?"

"Mimi umenionaje, mwanasheria? Mimi ndiye niliyepeleka ushahidi wako barazani."

Zubeda akacheka kidogo bila kupenda.

Mwanamvua akainama, akaokota, akaokota tena. Alizungumza bila kumtazama. "Kwenu ni wapi?"

"Chole, hapa hapa Kisarawe."

"Baba yako ana eneo?"

"Lipo. Limelala tu, pori."

"Baba mwenyewe yu hai?"

"Yu hai."

"Basi mwombe akiwa hai, mbele ya kaka zako, na wakubali kwa midomo yao. Ukapande huko. Mti ulioupanda kwa mume unabaki kwa mume, mimi wa kwangu nimeupata kwa sababu mwanamume kakasirika. Wewe hutakuwa na bahati ya kijinga kama hiyo."

"Sijui kupanda."

"Najua hujui. Alisema mbele ya watu."

Akanyoosha mgongo, mkono kiunoni, akautazama mti mmoja uliokuwa bado unabeba vizuri kuliko wenzake. Akauendea, akachagua korosho nzito chini yake, akazipima kiganjani moja moja, nyepesi akazitupa. Zilipojaa ukunjo wa khanga akavuka njia, akazimimina kwenye ukunjo wa Zubeda.

"Tatu kila shimo. Kitovu kikae juu. Na usidhani nakupenda."

"Sidhani, dada."

"Na mashimo uchimbe mwenyewe, usiweke kibarua. Siku ya kuulizwa, uwe na la kusema."

Zubeda alishika khanga yake kwa mikono miwili, akaondoka na njia kuelekea barabarani. Mwanamvua akarudi chini ya mikorosho yake. Jua lilikuwa bado halijapanda sana, na upande wa mashariki zilikuwa zimebaki nyingi hazijaokotwa.